Bakuli la Jirani

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Kigoma, na nina ugonjwa mmoja ambao mume wangu ameshaukatia tamaa: siwezi kuliacha neno lipite bila kuliuliza limetoka wapi. Mwaka juzi nilikuwa naandaa kifungu cha ufahamu kwa kidato cha tatu, na ndani yake palikuwa na neno abundance. Kamusi yetu ya shule inasema ni wingi. Mwanafunzi akiandika wingi nampa alama yake na maisha yanaendelea. Lakini mimi wingi ulikuwa hauniridhishi. Nzi wa sokoni Mwanga ni wengi, vumbi la kiangazi ni jingi, na sijaona mtu akiyaita hayo kwa neno lile. Neno lile lina kushiba ndani yake, na lina kitu kinachobaki baada ya watu kushiba.

Basi nikachimba kwenye simu. Nikakuta kwamba Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, na huko kwenye Kilatini shina lake ni neno la wimbi. Warumi walipotaka kusema kitu kimezidi, walisema kimefurika, kimekuja wimbi juu ya wimbi mpaka kikavuka ukingo. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimelala na kuamka na sauti ya ziwa tangu nazaliwa, na nilikuwa nimelifundisha neno hilo miaka yote bila kujua kwamba lina maji ndani.

Jumamosi nikampelekea mama sukari, mchele na habari ya lile neno.

Mama anakaa Ujiji kwenye nyumba aliyoiacha baba. Ni mtu wa dagaa. Ananunua wabichi mwaloni, mitumbwi inapowashusha asubuhi, anaanika, kisha anawapeleka sokoni Mwanga. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza habari za Warumi na wimbi lao, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Alinisikiliza huku akichambua. Kisha akaniuliza kama hao Warumi walikuwa wamejenga karibu na maji. Nikasema baadhi yao, nadhani. Akasema hao basi hawakuulizwa, kwa sababu mwaka ule ziwa lilipopanda, wimbi lililovuka ukingo lilimchukulia vichanja vyake vya kuanikia vyote, na hakukumbuka kuliita neema.

Nilinuna. Mama yangu ana kipaji hicho, unamletea kitu chako kizuri kimefungwa vizuri, anakifungua kwa upande mwingine. Nikaingia ndani kutafuta vikombe vya chai, na nilipoinama kuchukua chupa ya chai pale anapoiweka, karibu na kitanda chake, nikaliona bakuli.

Lilikuwa limesukumwa chini ya kitanda, limefunikwa na kipande cha khanga. Lakini bakuli lile ningelijua hata gizani. Ni la bati, la buluu, lenye ua la njano chini na mdomo uliobanduka rangi upande mmoja. Ni la jirani yetu wa nyumba ya mbele. Utoto wangu wote nimelibeba bakuli hilo, kutoka kwake kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda kwake, na kila safari niliyolibeba lilikuwa limejaa.

Ndivyo tunavyoishi mtaani kwetu. Jirani akikuletea chakula kwenye chombo chake, hukioshi ukamrudishia hivi hivi. Unakiweka mpaka utakapopika wewe, au utakapopata chochote, maandazi, ndizi, maparachichi ya Kasulu, unatia ndani ndipo unakipeleka. Naye hatakawia kukuletea tena. Mama na jirani yetu wamefanya hivyo tangu jirani alipoletwa Ujiji akiwa bibi harusi, Muha wa Kasulu asiyejua mtu hata mmoja mtaani. Mama ni mtu wa asili ya Manyema, lakini kwa ajili ya jirani huyo alijifunza kusalimia Kiha, na kila alfajiri walikuwa wakisalimiana juu ya ua wa michongoma, huyu "Mwakeye" na yule "Mwakeye," kabla hawajasema na mtu mwingine yeyote.

Bakuli hilo lilikuja kwetu mara ya mwisho nikiwapo. Ilikuwa ile wiki ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, na ndani yake walikuwamo migebuka, pengine wa mwisho kuonekana mtaani, wamepikwa kwa mawese mpaka mchuzi umekuwa mwekundu kama udongo wa Kigoma. Niliwala mimi mwenyewe na nikalamba vidole. Sasa miezi ilikuwa imepita, ziwa bado limefungwa, na bakuli lilikuwa chini ya kitanda.

Nikatoka nalo uani. Nikamuuliza mama hili linafanya nini hapa.

Aliokota chuya kwenye mchele akaitupa. Kisha akaniambia nilirudishe nilipolitoa. Nikakataa, nikakaa nalo mapajani, na polepole habari ikatoka. Hakuwa na cha kutia. Dagaa hawapo, biashara imelala, na anachokula ni kile tunachomtumia sisi watoto. Nikasema hilo ni jambo dogo, mchele niliouleta ni mwingi, tupike pilau tujaze bakuli tulipeleke sasa hivi. Akasema hapana. Mchele ule umetoka kwangu, na jirani alimpa kitu chake mwenyewe, tena cha mwisho alichokuwa nacho. Nikasema basi maharage. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Watu wanakupa migebuka katikati ya njaa ya samaki, unawarudishia maharage?

Nikamuuliza jirani mwenyewe anasemaje. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limekwenda mbali. Hawasemezani. Hawakugombana hata kidogo, ila mama alikuwa anaona aibu kupita mbele ya mlango wa mtu akiwa amemkalia bakuli lake, basi akaanza kutokea mlango wa nyuma kwenda msikitini. Alfajiri akisikia kikohozi cha jirani ng'ambo ya ua, anangoja ndani mpaka mwenzake aingie. Salamu ya "Mwakeye" ilikuwa imekufa wiki nyingi.

Nilikasirika, na sikuficha. Nilimwambia kwamba jirani hajui habari ya maharage wala ya aibu, anachokiona yeye ni mtu anayemkimbia. Mama akaniambia ziwa litafunguliwa. Alisema hivyo kwa utulivu, akiendelea kuchambua mchele, na mimi nikanywa chai yangu nikaondoka nikiwa nimefura. Njiani nikakumbuka kwamba sikumaliza hata kumweleza habari ya Warumi.

Siku chache baadaye nilikuwa Mwanga, kwa mafundi cherehani, nimepeleka sare za wanangu. Nikamkuta jirani yetu amekaa kwenye benchi la fundi, anangoja begi lake kubwa lishonwe zipu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipisha nafasi nikakaa. Nikamuuliza safari ya wapi. Akasema anakwenda Tabora kwa binti yake. Miguu haimsaidii tena, na binti amemwambia aje akae naye. Nikamuuliza atarudi lini. Akalitazama begi, akasema akirudi itakuwa kutembea tu. Treni ilikuwa wiki ile ile.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili fundi asisikie:

"Mama yako nimemkosea nini?"

Nilisema hujamkosea kitu. Hakuniamini. Alikuwa ameshalichambua jambo hilo pande zote. Labda ni ile harusi ya kule Rusimbi, alipokaa na watu wa upande wa bwana harusi na hakumwita mama kukaa naye. Labda ni wale migebuka, maana alijua chumvi ilimponyoka. Mtaa mzima ulikuwa umeshamuaga, na watu walikuwa wakiingia na kutoka kwake tangu Ijumaa, isipokuwa mwenzake wa nyumba ya nyuma. Habari ya bakuli hakuitaja hata mara moja. Nadhani alikuwa ameshalisahau.

Ulimi uliniwasha. Ningeweza kumaliza shida yote pale kwenye benchi kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa ni kwamba mama yangu hana kitu ndani, na mama angejua nimeisema kwa fundi cherehani angenifukuza kwake. Nikamuaga, nikaacha sare bila kupimwa urefu, nikapanda bodaboda mpaka Ujiji.

Mama alikuwa anafagia. Nikamwambia jirani anahamia Tabora wiki hii hii. Akaacha kufagia; kwa kujificha kwake nyuma hakuwa amesikia. Nikamwambia na lile swali aliloniuliza, nikamweleza habari ya harusi na ya chumvi, nikaona uso wake unabadilika. Ziwa lisingefunguliwa kabla ya treni ile, na hata akili ya mama isingeweza kulifungua. Rafiki yake wa maisha alikuwa anaondoka akiamini amechukiwa.

Akaingia jikoni, nami nikamfuata. Alifungua vyungu kimoja kimoja kana kwamba huenda kimojawapo kimejipikia chenyewe. Ukiacha mchele wangu, palikuwa na unga wa muhogo kidogo, chumvi, na mawese nusu chupa. Nikasema nakwenda dukani mara moja. Akasema nenda. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema rudi.

Akalitoa bakuli chini ya kitanda. Lilikuwa safi, lakini aliliosha tena, akalifuta kwa pindo la khanga, akajitanda mtandio wake wa Ijumaa. Kisha akafungua mlango wa mbele, ule ambao alikuwa hapiti, akatoka. Alilishika bakuli kwa mikono miwili mbele ya tumbo, wazi, bila kulifunika, na watu walikuwa wamekaa kwenye baraza zao saa ile. Mtu wa Ujiji akiona mwanamke anarudisha chombo bila kifuniko, anajua hakina kitu. Mimi nilikuwa nyuma yake na uso unanichoma. Mama hakugeuka kulia wala kushoto.

Jirani alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya mabunda. Mama akasimama kizingitini akasema, "Mwakeye." Ni salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa kumi jioni. Jirani akaitikia vile vile, "Mwakeye," kwa sababu asubuhi nyingi zilikuwa zimepita bila hiyo.

"Bakuli lako," mama akasema. "Nimelikalia kwa sababu sina cha kutia. Mpaka leo sina."

Jirani akalipokea. Akatazama ndani, akaliinamisha kidogo kwenye mwanga, kama anayehakikisha. Nilidhani atasema maneno ya adabu, kwamba si kitu, kwamba asijali. Hakuyasema.

"Dada yangu wa Kasulu," alisema, "nikimpelekea chakula ananirudishia chombo kitupu. Pengine hata hajakiosha. Wewe miaka yote hii unanirudishia limejaa. Nimekuwa nikijiuliza utaniona jirani mpaka lini."

Mama alikaa chini pale pale kizingitini. Machozi yalimtoka, kisha akaanza kucheka, kisha hatukujua tena ni kipi kati ya hivyo viwili. Jirani alijikongoja na miguu yake mpaka kizingitini, akakaa karibu naye wakiwa wameziba mlango, na mimi nikaambiwa nisisimame tu kama mlingoti, nikachemshe chai. Nilipokuwa jikoni niliwasikia wanabishana kama wale migebuka walikuwa wamezidi chumvi. Mama alisema walizidi. Alisema alikuwa ametaka kumwambia siku ile ile.

Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Jirani hakulifunga bakuli kwenye mizigo yake. Alimwachia mama, akamwambia akae nalo, na ziwa likifunguliwa atajua la kufanya. Siku ya treni tulimsindikiza stesheni, mama akiwa amebeba begi dogo ambalo hakutaka kumpa mtu mwingine, na treni ilipoondoka hakulia kama nilivyoogopa. Tuliporudi Ujiji alisema ana njaa, akala vizuri.

Ziwa lilifunguliwa. Aliyekuwapo anajua ilivyokuwa. Taa za mitumbwi zilirudi kwenye maji kana kwamba mji umeota mtaa mwingine huko, na asubuhi mwaloni dagaa walishushwa ndoo kwa ndoo mpaka watu wakakosa mahali pa kuanika. Walianikwa kwenye vichanja, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mabati, na nyumba moja niliona wameanikwa juu ya kapeti ya sebuleni iliyotolewa uani. Paka wa Ujiji walishiba wakaacha kuiba.

Nilimfuata mama sokoni Mwanga Jumamosi moja, nikakaa nyuma ya meza yake. Anapima dagaa kwa kopo, kama wenzake wote, lakini hapimi mpaka mdomoni. Anamimina mpaka kopo linafanya kilima, na anaendelea kumimina mpaka dagaa wanaanza kuteleza pembeni na kuanguka mezani. Kisha anamimina kopo kwenye mfuko wa mnunuzi, halafu anawakusanya kwa kiganja wale walioanguka, anawatia humo humo. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kukaa nikitazama. Nikawakumbuka Warumi. Nilitaka kumwambia kwamba hicho ndicho walichokisema, kwamba pale kopo linapomzidi mwenyewe ndipo neno langu linapoanza. Lakini wateja walikuwa wamejaa, na mama alikuwa anapenda kazi yake asubuhi ile kuliko nilivyowahi kumwona, basi nikamsaidia kufunga mifuko. Nilikuwa na furaha sana.

Baadaye niliitwa semina Tabora. Mama aliposikia, alichagua dagaa kwa siku mbili, mmoja mmoja, wale wenye rangi ya fedha ambao hawajavunjika kichwa. Alijaza bakuli la buluu mpaka likafanya kilima, akalifunga kwa kitambaa kipya. Nilisafiri nalo mapajani kwenye treni, na behewa zima likajua ninakotoka.

Nilimkuta jirani amekaa kibarazani kwa binti yake, amenenepa kidogo. Alifungua fundo, akainamia bakuli akavuta harufu, kisha akamtafuna dagaa mmoja mkavu vile vile akiwa amefumba macho. Akaniuliza habari za mama, nikamweleza zote. Binti yake aliwahamisha dagaa kwenye ungo, akaliosha bakuli, na nilipoaga akatoka nalo limetiwa asali, ile asali nyeusi ya Tabora, imefika karibu na mdomo.

"Imwage," jirani akasema.

Binti alidhani hakusikia vizuri. Mwalimu atarudije Kigoma na bakuli tupu, aliuliza, watu watatuonaje.

"Irudishe kwenye chupa yake. Ukinitilia kitu humo, mwenzangu atadhani nimekuwa mgeni."

Basi asali ikarudi kwenye chupa, bakuli likaoshwa mara ya pili, na chupa nikapewa mimi, nikaambiwa ni zawadi yangu mwenyewe, ya watoto wangu, na nisiichanganye na habari ya bakuli. Binti alinisindikiza mpaka kituoni akiniomba radhi njia nzima. Nilimwambia asijali, lakini sikuweza kumweleza.

Nilifika Ujiji asubuhi, moja kwa moja kutoka stesheni. Mama alikuwa barazani, na kwa jinsi alivyokuwa amejitanda nilijua alikuwa amekaa pale muda mrefu. Hakuniuliza safari. Aliuvuta mfuko, akalifungua fundo, akalitazama bakuli. Akapitisha kidole kwenye lile ua la njano chini.

"Hakutia kitu?"

Nikasema hakutia.

"Hata kidogo?"

Nikasema binti alitia asali, na yeye akaamuru imwagwe.

Mama akaniomba simu. Nilimpigia namba ya Tabora, nikampa, nikaingia ndani kuweka mizigo, lakini mlango ulikuwa wazi na nikasikia. Alisema "Mwakeye," akangoja, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Limefika. Halina kitu," na akaanza kucheka, na huko upande wa pili nikasikia mwenzake naye anacheka, mpaka salio langu likaisha.